Ushauri nasaha wa wanawake hapa Moshi: nimelipia, nawapa nyota 4, soma kabla hujapiga simu

Wadada mnaonifuata inbox kila siku mnauliza nilipata wapi mtu wa kuongea naye, mtu mwenye taaluma, sio mchungaji, sio shangazi, sio mwenyekiti wa kikoba, naandika hapa mara moja wote msome. Ni kituo kidogo cha ushauri kwa wanawake upande wa Shanty Town, nyumba ya kawaida tu iliyogeuzwa ofisi. Jina siweki hadharani. Kwanza nina malalamiko yangu juu yao na sitaki maneno, pili mji wetu mnaujua, ukitaja kituo na siku unayoenda, kesho yake jirani wa duka anakuuliza "vipi hali, unaendeleaje?" kwa ile sauti ya msibani. Mwenye shida kweli aje inbox ntampa namba.

Nyota nawapa 4 kati ya 5. Moja nimeikata getini kwao, ntafika huko.

Hali yangu ilikuwa hivi. Mtoto wa pili nilijifungua mwezi wa sita, na mlioolewa na madereva wa utalii mnajua mwezi wa sita maana yake nini, msimu umefunguka, mwanaume leo yuko Tarangire kesho Seronera, simu inapatikana usiku akifika penye mtandao na hapo kachoka, dakika mbili keshasinzia. Mama mkwe akashuka kutoka Machame na mkungu wa ndizi na nyama, mtori asubuhi, mtori jioni, maziwa katikati, kazi yangu ikawa kunyonyesha na kulala. Kwa macho ya watu nilikuwa mzazi aliyetunzwa kuliko wote mtaani, nimenenepa, nimenawiri, sasa huyu analia nini? Na mi nalia kweli, nalia bafuni nimefungulia maji, silali hata mtoto akilala, akianza tu kujigeuza kitandani moyo wangu unadunda mpaka nausikia masikioni. Afu kuna mimba kabla ya huyu iliharibika, hiyo hakuna aliyeigusa, niliambiwa Mungu atakupa nyingine, akanipa kweli, basi ikahesabika imeisha.

Aliyenishtua ni nesi wa kliniki ya watoto, tukiwa pale kwenye mizani. Akanambia machozi ya siku za mwanzo ni kawaida, yanakuja kama siku ya tatu ya nne hivi na ndani ya wiki mbili yanakuwa yameshakata. Yakipita wiki mbili bado unalia, hulali, huoni raha ya chochote, unajiona mama mbaya, hapo sio uchovu tena, hiyo ni sonona na ina tiba. Nilikuja kusoma baadaye Shirika la Afya Duniani wanasema kwenye kila wanawake 100 waliojifungua duniani kama 13 wanapata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa hiyo hiyo sonona, na kwa nchi zinazoendelea inakaribia 20. Yani benchi la kliniki likiwa na akina mama kumi na vitenge vyao, wawili wako kama mimi, na wote tukiulizwa tunajibu "mtoto anaendelea vizuri".

Hapo hapo niweke jambo moja kabla sijaendelea na rivyu. Kuna ile hali nyingine, mzazi hajalala siku kadhaa na wala haoni haja ya kulala, anasikia sauti, anaongea vitu havieleweki, anasema mtoto sio wake au ametumwa kumfanyia kitu. Inatokea kwa wachache sana, kama mmoja au wawili kwenye kila wazazi 1,000, na mara nyingi inaanza wiki mbili za mwanzo. Hiyo jamani haina kusubiri miadi wala kutafuta kituo kizuri wala kumpeleka kwanza kuombewa, ni hospitali leo leo, na mtoto asiachwe naye peke yake. Na vilevile wewe unayesoma hapa ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri nafasi ya Jumanne, nenda dharura hospitali yoyote iliyo karibu hata saa nane usiku, mwambie mtu mmoja akusindikize.

Sasa. Mahali pa kwanza nilipolipia sio hapa, ni pengine, na sipataji. Nilikaa kwenye kiti, nikaanza kueleza, sijamaliza hata kusema nilijifungua lini, nikaambiwa dada shukuru Mungu, kuna wanaotafuta mtoto miaka kumi. Afu nikaambiwa mume nisimnyime haki yake akirudi safari. Afu ikaja Kiingereza kingi sana mpaka nikawa naitikia tu, na mwisho karatasi ya programu, vikao vyote vilipiwe kabisa mwanzoni. Aisee. Ushauri wa namna hiyo mi nyumbani ninao wa bure na unakuja na mtori juu. Huku Kilimanjaro kitu ambacho mwanamke hatakaa akose ni ushauri, ukijifungua unashauriwa, usipojifungua unashauriwa, ukiachika ndo usiseme. Ninachokwenda kulipia mi ni mtu wa kuuliza vizuri na kunyamaza nikijibu. Kwa hiyo kipimo changu sasa hivi ni kimoja tu na nawapa bure, mtu akianza kukushauri kabla hajakuuliza unalala saa ngapi, hedhi yako ikoje, mimba zako zimekuwaje na nyumbani nani ana sauti, chukua pochi yako, nenda.

Hiki kituo cha Shanty Town nilikipata kwa kuuliza mtu wa ustawi wa jamii hospitalini, hawa watu tunawasahau sana, ukienda hospitali za rufaa za mkoa kama Mawenzi hapa mjini au Mount Meru kule Arusha mwulizie afisa ustawi wa jamii, anajua nani yuko wapi, nani anafanya nini, na nani ni mbwembwe tu. Nikapiga simu. Yule wa mapokezi hakuwa na majibu mengi ila alifanya kitu nilichokipenda, akasema mshauri mwenyewe atakupigia, hilo halilipiwi. Na akapiga kweli, jioni.

Nilimhoji kama namwajiri msichana wa dukani. Umesomea nini, chuo gani. Umeshawahi kushughulika na wazazi, na waliopoteza mimba. Vikao unafanyaje, mi naongea tu au kuna kazi. Nani anakusimamia wewe mwenyewe, manake mshauri naye anatakiwa awe na mkubwa wake wa kumrudia na kesi ngumu. Lugha gani. Mtoto naweza kuja naye. Na swali langu la mtego, dawa unatoa? Akajibu hapana, mi ni mwanasaikolojia, dawa anaandika daktari wa magonjwa ya akili, nikiona unahitaji nakuandikia barua uende hospitali ya KCMC au Mawenzi na tunaendelea na vikao huku unatumia. Hapo nikajua huyu anajua mipaka yake. Mtu anayekaa ofisini anajiita mshauri na wakati huohuo anakuuzia vidonge vya kutuliza mawazo au chupa ya mitishamba, mi simtaki hata bure. Na nilipomuuliza itachukua muda gani hakunipa ahadi, alisema tukutane kwanza, vikao vya mwanzo ni vya kuelewana, ukiona hatuendani nambie nikutafutie mwingine, sitanuna.

Getini sasa. Kuna mlinzi ana daftari kubwa la mistari, jina, namba ya simu, unakwenda kwa nani, sababu ya kuja. Sababu ya kuja! Na kalamu imefungwa kwa kamba. Unainama kuandika, juu yako unasoma mwenzako aliyetangulia, jina lake kamili, na kaandika "matatizo ya ndoa" maskini ya Mungu kwa mwandiko mzuri kabisa. Na mi namjua. Sio kwamba ni rafiki yangu, ila Moshi hii, watoto wetu wanasoma shule moja. Mi nikaandika "kuonana na ofisi" nikapita, ila nilipofika ndani kabla ya kitu chochote nikalisema hilo, na nikawakumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mambo ya afya ya mtu sio ya kuachwa juu ya meza ya mlinzi. Walinisikiliza, waliomba radhi, wiki iliyofuata ile safu ya sababu ikawa imekatwa kwa rula. Majina bado yanaandikwa lakini. Kwa hiyo nyota yenu iko kwangu mpaka mtakapoliondoa lile daftari, wekeni hata namba.

Ndani ni tofauti kabisa. Chumba kidogo, viti viwili vimewekwa kimshazari sio uso kwa uso, dirisha liko juu hakuna anayechungulia, na pale nje mapokezi televisheni imewashwa muda wote kwa sauti ya juu kiasi, nilidhani ni ushamba kumbe ni makusudi, ukiwa nje husikii chochote cha ndani. Tishu zipo ila haziko mbele ya uso wako kama unatakiwa kulia, ziko pembeni. Akaniuliza napenda niitweje. Nikamwambia jina langu, manake toka nijifungue wa kwanza mi ni Mama Fulani tu kila mahali mpaka benki.

Kitu cha kwanza alieleza siri. Unachosema hapa kinabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anaumizwa, hapo nitalazimika kuhusisha wengine na nitakuambia kwanza. Anaandika notisi, zinakaa kabati la kufuli, akanionyesha. Mume akipiga simu kuuliza? Hajibiwi. Mama mkwe? Hajibiwi. Mchungaji? Akacheka, akasema huyo ndo anapiga sana, hajibiwi.

Afu akatoa karatasi ya maswali kumi. Hii ni ile ya Edinburgh, ilitungwa Uingereza miaka ya 80 mahsusi kwa wazazi na inatumika duniani kote, inauliza siku saba zilizopita umejisikiaje, umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umeogopa bila sababu, umelia. Kila swali lina majibu manne, unachagua. Nilivyomwelewa mi alichokifanya vizuri ni kwamba hakunipa nijaze afu akajumlisha alama kama mwalimu wa hesabu, alikuwa anarudi, "hapa umesema umejilaumu mara nyingi, niambie ya mwisho ilikuwa lini". Nikamwambia jana. Kuhusu nini? Kuhusu nepi. Nilikuwa nimechelewa kubadilisha nepi, mtoto kapata wekundu, na mi nikakaa na ile nepi mkononi sijui saa ngapi nikiamini kabisa kwamba huyu mtoto angekuwa salama zaidi na mama mwingine. Kuliambia hilo mtu mzima aliyekaa tu anakusikiliza, hashtuki, hasemi "usiwaze hivyo", ndo nikaanza kuelewa nalipia nini. Swali la kumi ni lile la kama umewahi kuwaza kujidhuru, na hilo aliliuliza kwa mdomo, polepole, akiniangalia, hata baada ya mi kuweka alama ya "hapana". Akasema kuliuliza hakumpandikizii mtu hilo wazo, kunyamaza ndo kubaya. Na akasema wazi alama zikiwa juu sio kwamba umepatikana na ugonjwa, ni taa tu ya kuonyesha tuangalie zaidi.

Halafu, na hii ndo iliyonifanya nimheshimu, kabla hatujaenda mbali akanituma nikapime. Wingi wa damu, na tezi ya shingoni. Eti mwanamke aliyejifungua anaweza akawa hoi, hana hamu, moyo unakwenda mbio, kumbe damu imeshuka au hiyo tezi imevurugika baada ya uzazi, ukimpa maongezi peke yake unamchelewesha. Yangu damu ilikuwa chini, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Uchovu ulipungua kiasi, machozi hayakupungua, kwa hiyo tukajua sehemu gani ilikuwa ya damu na sehemu gani sio. Akauliza na uzazi wa mpango natumia nini, sindano, kijiti, kitanzi, manake kuna wanawake hisia zao zinabadilika wakianza njia fulani. Miaka yote naenda kwa watu kuomba maombi ya hasira kabla ya hedhi hakuna aliyewahi kuniuliza inakuja tarehe ngapi.

Vikao vyenyewe ni dakika 50. Sio kulia tu kama watu wanavyodhani, kuna kazi za nyumbani. Njia anayotumia sana ni ile ya kuangalia fikra na matendo, iliyoanzia kwa daktari Aaron Beck kule Marekani miaka ya 60, unaandika kwenye daftari kilichotokea, ulichowaza palepale, ulivyojisikia, afu mnakikagua pamoja kama kina ushahidi. Ile ya nepi tuliikagua. Ilichekesha mwisho wake. Mimba iliyoharibika haikuchekesha, hiyo ilichukua muda wake na yaliyosemwa humo yanabaki humo.

Ila wacha niwape hii moja. Tuligundua kwamba usingizi wangu mkubwa unakufa mchana, mama mkwe anapokea wageni wa kumwona mtoto, na mi kila mgeni lazima nitoke nikae sebuleni nitabasamu. Mshauri akasema haya mwambie mama. Nikamwambia haiwezekani, kwetu mkwe hashindani na mama mkwe. Akasema hushindani, unaomba, hebu tufanye mazoezi, mi mama. Akasimama, akajifunga kitenge cha kufikirika, mkono kiunoni, akaanza kunisemesha kwa lafudhi ya Machame kabisa, "mama wa watu kaja toka Lyamungo na maziwa yake wewe unalala?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Tukarudia mpaka nikaweza kuisema bila kutetemeka. Nyumbani nikapiga goti dogo nikasema, "Mama, shikamoo, naomba kuanzia leo nikimaliza kunyonyesha saa sita nilale mpaka saa nane, wageni wakija utanisaidia kuwapokea." Mama akaniangalia, akasema, "Sasa mwanangu, ulikuwa unasubiri nini kuniambia?" Na tangu siku hiyo mgeni akifika anakutana na mama mlangoni kama askari wa benki.

Dawa mi sikuhitaji ila nina rafiki yangu yuko Njiro, Arusha, amepita miaka arobaini na kitu, hedhi imeanza kuruka, usiku anaamka amelowa jasho, mchana hofu za ghafla mpaka anahisi anakufa, watu wakamwambia karogwa na mwenye duka la jirani. Kumbe kipindi kile cha kuelekea ukomo wa hedhi kinajulikana kabisa kuongeza hatari ya sonona na wasiwasi. Yeye anafanya vikao na mshauri huyuhuyu kwa simu ya video, na akapelekwa kwa daktari akaandikiwa dawa. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ileile, zinataka kama wiki mbili mpaka nne ndo uone tofauti, na haziachwi ghafla siku ukijisikia vizuri, unaachishwa polepole na daktari. Kwa wanaonyonyesha pia zipo, sertraline ndo inapendekezwa sana kwa sababu inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno, kwa hiyo usikae na ugonjwa kwa kudhani lazima uchague kati ya dawa na maziwa, muulize daktari. Shida ya rafiki yangu ilikuwa mahali pa kuongelea, nyumba ina watoto wakubwa na ukuta mwembamba, sasa anaingia kwenye gari, anaendesha mpaka sehemu tulivu, anapaki kwenye kivuli, anaweka simu kwenye usukani. Bando aweke kabla, likikata katikati ya kilio ni karaha.

Mume wangu naye alikuja, mwezi wa nne, masika, magari yamelala. Alikuja amenuna kidogo akidhani anaitwa kusomewa mashtaka. Kabla ya kutuweka pamoja mshauri alitaka anione peke yangu kwanza, akaniuliza waziwazi kama nipo salama nyumbani, kama napigwa, natishiwa, nanyimwa hela ya matumizi. Kwangu jibu lilikuwa hapana lakini nilifurahi kaliuliza, na nadhani mtaalamu yeyote wa wanawake asipokuuliza hilo ukiwa peke yako, mwanaume hayupo chumbani, ana kasoro. Wenye jibu la ndiyo akawaelekeza Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na hospitalini kuna vile vituo vya mkono kwa mkono ambapo daktari, ustawi na polisi unawapata sehemu moja badala ya kuzungushwa. Ukiwa na binti anayepitia hayo kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, hailipiwi.

Maandalizi, manake mnauliza uende na nini. Mi nilikwenda na karatasi moja nimeandika usiku, yalianza lini, nalala saa ngapi kweli sio za kuwafurahisha watu, chakula, hedhi, mimba zote hata zile zilizotoka, dawa zote na mitishamba, na nani kwenye ukoo aliwahi kuumwa hivi hata kama mlimwita ana mapepo. Chini yake nikaandika nataka nini kibadilike, sio "niwe na furaha", kitu cha kuonekana, mi niliandika nataka nikae dukani nusu siku bila kupiga simu nyumbani kila dakika kumi. Bila hiyo karatasi kikao cha kwanza chote kinaisha unakumbuka tarehe na saa inakwenda na hela. Mnyonyeshe mtoto kabla hujaondoka au acha maziwa umekamua. Vaa nguo ya kawaida, kule kwenye kituo hakuna anayeangalia. Na usipange kwenda soko la Memorial kuchagua mitumba ukitoka, macho yanakuwa yamevimba, utakutana na watu wote unaowajua, rudi nyumbani kwanza au kaa sehemu unywe chai. Nyumbani mi niliaga naenda kliniki, na ni kweli nilikuwa naenda kliniki.

Bei ni 35,000 kwa kikao, 25,000 ukifanya kwa simu, unalipa kwa M-Pesa ukishamaliza, hakuna kulipa furushi. Ni hela, sikatai, hiyo ni sare mbili tatu za shule kwangu dukani. Ukishindwa uliza, wana nafasi chache za bei ya chini kwa wenye hali ngumu ila hawazitangazi, na hilo nalo silipendi, mtu ajuaje? Hospitali ya serikali ni nafuu zaidi, foleni ndo ipo na usitegemee dakika 50. Mwenyewe natamani tungekuwa na kitu kama Zimbabwe, kule tangu 2006 wanafundisha mabibi kukaa kwenye mabenchi nje ya kliniki wasikilize watu kwa utaratibu maalum, na wakafanya utafiti ikaonekana inasaidia kweli. Mabibi wa Kibosho na Marangu tunao wa kutosha, shida itakuwa kuwafundisha wasishauri.

Malalamiko mengine madogo madogo. Wanachelewa, saa nne yao ni saa nne na robo. Hawana nafasi jioni, kwa hiyo mwajiriwa lazima aombe ruhusa na aeleze anaenda wapi. Ukiahirisha chini ya saa 24 unakatwa nusu ya bei hata kama mtoto ana homa, mi walinikata, nimelalamika. Barabara ya kuingilia kipindi cha mvua ni tope, bajaji zinakushusha kona unamalizia kwa miguu. Mtoto unaruhusiwa kuja naye ila hakuna mtu wa kumshika, na hakuna hata mkeka.

Jumamosi wanajaa haraka, piga Jumatatu asubuhi. Na mnaokuja inbox msinitumie "mambo" tupu afu mkanyamaza, semeni kabisa mnatafuta huduma ya nini na mko Moshi au Arusha ili nijue ni ya kwenda au ya simu, manake yule dada wa mapokezi saa kumi kamili anazima simu na kuiwasha ni kesho.